Monroeville: nendeni, lakini msiende kuitafuta Maycomb

Swali: Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiingereza kutoka Morogoro. Mwezi Aprili nitakuwa Atlanta kwa kaka yangu. Tangu nilipoisoma To Kill a Mockingbird chuoni, halafu nikaitazama filamu yake, nina hamu ya kufika Monroeville, Alabama, alikozaliwa mwandishi wake, Harper Lee. Nataka hasa kuiona ile mahakama na ule mtaa wenye nyumba za mbao na vibaraza. Tuna siku mbili tu, kaka ndiye atakayeendesha. Rafiki zake wanasema huko hakuna cha kuona, na wifi yangu ana wasiwasi sisi weusi kwenda kuzurura mashambani Alabama. Je, safari hii inafaa?

Jibu:

Inafaa, Mwalimu, nendeni. Ila nianze na habari itakayokuumiza kidogo, maana ni afadhali uisikie kwangu kuliko uigundue umesimama kando ya barabara na kamera mkononi. Ule mtaa ulioupenda kwenye filamu haupo Monroeville, na haujawahi kuwapo. Filamu ile ya 1962 ilipigwa California, kwenye viwanja vya studio ya Universal. Mtaa mzima ulijengwa pale, zikatumika na nyumba kuukuu za mbao zilizokuwa zinangoja kubomolewa, zikapangwa upya hadi zikafanana na mji wa Kusini wa miaka ya 1930. Gregory Peck, mwigizaji wake mkuu, alikuja kweli Monroeville mapema mwaka 1962 kumwona mzee Lee, baba wa mwandishi, wakili ambaye binti yake alimchukua kuwa mfano wa Atticus Finch, wakili wa kitabuni, kisha akarudi zake California kuigiza. Mzee akafariki Aprili mwaka huohuo, filamu haijatoka. Binti yake alimpa Peck saa ya mfukoni ya marehemu, na Peck alikuwa nayo usiku ule wa 1963 alipochukua Oscar ya mwigizaji bora.

Kwa hiyo rafiki za kaka yako wana ukweli wao. Mtu anayekwenda Monroeville kuitafuta Maycomb, mji wa kitabuni, atazunguka nusu saa na kurudi kwenye gari amenuna. Nimewaona wengi wa namna hiyo. Mimi hupeleka wageni huko, wengi wao walimu na wanafunzi, na sasa nina desturi ya kuwaambia mapema: nusu ya mnachokwenda kuona kimebomolewa, na nusu nyingine si ile mliyoitarajia, ila ndiyo bora.

Tuanze na yaliyobomolewa, hayana maneno mengi. Nelle Harper Lee alizaliwa hapo tarehe 28 Aprili 1926 (ukipata kufika siku hizo, basi umeangukia kwenye sikukuu yake). Nyumba ya kwao ilikuwa South Alabama Avenue, hatua chache kutoka uwanja wa katikati ya mji. Leo mahali pale pana kibanda cha aiskrimu na baga kinachoitwa Mel's Dairy Dream. Unaagiza dirishani na kula umekaa nje. Jirani yake ndipo ilipokuwa nyumba ya kina Faulk, ndugu za mama yake Truman Capote, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu naye. Wazazi wa Capote hawakuelewana, mtoto akaachwa kwa hao ndugu akiwa mdogo sana, mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyumba hiyo iliungua 1940, ikajengwa nyingine, nayo ikabomolewa 1988. Kilichobaki ni ukuta mfupi wa mawe na kibao cha historia. Watoto hao wawili walikuwa wakipita na kurudi baina ya viwanja hivi: Nelle mbabe wa ngumi, Capote mdogo wa mwili na mwenye maneno mengi. Mzee Lee aliwapa taipureta kuukuu, wakawa wanatungiana hadithi. Kuna miji mikubwa duniani yenye vyuo vikuu na maktaba ambayo haijatoa mwandishi hata mmojawapo wa kiwango kile. Hapa walitoka wawili, walalao dirisha kwa dirisha.

Unajua tayari kwamba Dill, yule mvulana rafiki wa watoto wa Atticus kitabuni, ndiye Capote. Wanafunzi wako labda hawajui upande wa pili: Capote naye alimtia rafiki yake katika riwaya yake ya kwanza, Other Voices, Other Rooms ya 1948, miaka kumi na miwili kabla Nelle hajamtia yeye. Na mwishoni mwa 1959, muswada wa Mockingbird ukiwa tayari umekwisha, Nelle alifuatana naye hadi Kansas kumsaidia kuhoji watu kwa ajili ya kile kilichokuja kuwa In Cold Blood, kitabu chake kuhusu mauaji ya huko. Wanakijiji wa kule hawakumwelewa Capote na sauti yake na mavazi yake. Aliyefunguliwa milango alikuwa Nelle. Kitabu kilipotoka, shukrani alizopata humo zilikuwa chache mno, na urafiki ule haukurudi kuwa kama zamani. Haya ni ya kuyawaza ukiwa na aiskrimu yako mkononi, ukiutazama ule ukuta. Nunua ya vanila. Usiogope kuonekana mtalii, wote pale ni watalii.

Sasa lililobaki. Ukitembea kurudi katikati ya mji utaiona mahakama ya zamani ya wilaya ya Monroe, jengo la matofali lenye kuba na saa, lililojengwa 1903 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Iliacha kuwa mahakama miaka ya 1960 serikali ilipojenga nyingine kando yake, na sasa ni makumbusho. Panda ghorofani. Ukifungua mlango wa ukumbi utasimama ghafla, nakuhakikishia, kwa sababu utauona ukumbi wa kwenye filamu. Watengenezaji walishindwa kupiga picha humu, lakini fundi wao wa mandhari alikuja Monroeville akaupima ukumbi na kuuchora, nao wakaujenga upya studioni California. Umbo lake la yai, roshani inayozunguka juu, uzio wa mbao mbele ya kiti cha jaji, yote yalinakiliwa. Kazi hiyo ya mandhari ilishinda Oscar, mojawapo ya tatu ilizopata filamu ile. Ya tatu ilikuwa ya Horton Foote kwa kuandika mchezo. Kwa hiyo mtaa wa filamu ni wa kubuni, mahakama ni nakala, na nakala hiyo asili yake ndiyo hiyo utakayokuwa umesimama ndani yake.

Usikae chini. Panda roshani, kaa upande wa kulia au wa kushoto, tulia dakika kumi. Huko juu ndiko walikopangiwa kukaa watu weusi, na ndiko Scout na Jem, watoto wa Atticus, pamoja na Dill walikoitazamia kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji, ambaye Atticus anamtetea. Ukiwa huko utagundua jambo ambalo filamu haikuonyeshi sawasawa: ukumbi ni mdogo. Kutoka roshani hadi kiti cha mshtakiwa ni umbali wa kutupiana maneno bila kupaza sauti. Aliyekaa juu alikuwa anauona jasho kwenye shingo ya ndugu yake aliye kizimbani. Wanafunzi wako wakisoma sura ile wanafikiri ni umati mkubwa kwenye jumba kubwa. Ungependa kuwaambia.

Na waambie pia habari ya wale raia kumi na wawili wanaokaa kuisikiliza kesi. Kwetu tulizoea wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji, jaji akaamua mwenyewe. Huku raia hao ndio wanaotamka kama mtu ana hatia, na Alabama ya miaka ya 1930 walikuwa wanaume Wazungu watupu. Bila kulishika hilo, hotuba ya Atticus huonekana kama ni wakili anayesema vizuri tu, kumbe anaongea na watu waliokwishaamua kabla ya kuketi.

Mzee Lee mwenyewe aliwahi kuonja hali hiyo. Mwaka 1919, akiwa bado mpya katika uwakili, aliwatetea watu weusi wawili, baba na mwana, walioshtakiwa kwa kumuua mwenye duka. Walishindwa, wakanyongwa wote wawili. Hakuchukua tena kesi ya jinai. Alibaki na sheria za mikataba na mashamba, akawa mbunge wa jimbo, akaendesha gazeti la mjini, Monroe Journal. Halafu mwaka 1934, Nelle akiwa na miaka karibu minane, katika mahakama hiyohiyo alihukumiwa kifo mtu mweusi aitwaye Walter Lett kwa madai ya kumbaka mwanamke Mzungu. Wakubwa wa mji wenyewe waliona kesi haijakaa sawa, wakamwandikia gavana, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Lakini Lett alikuwa ameshachanganyikiwa akisikia wenzake wakipelekwa kwenye kiti cha umeme, akafia hospitali mwaka 1937. Mwandishi hakusema wazi kwamba Tom Robinson ndiye huyu. Mimi nasema mtoto wa mhariri wa gazeti, katika mji wa watu wachache vile, hakuhitaji kubuni sana.

(Jambo dogo la lugha, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Finch, jina la ukoo wa Atticus, lilikuwa jina la ukoo wa mama yake Nelle kabla ya kuolewa. Ni jina la ndege, jamii ya chiriku wetu. Na yule ndege wa kwenye anwani ya kitabu, mwigaji wa sauti za wenzake, utamkuta kweli kwenye miti ya uwanja wa mahakama, wa kijivu, mkia mrefu, hanyamazi. Mfungulie dirisha la hoteli asubuhi.)

Mmebahatika kuja Aprili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila majira ya kuchipua wenyeji wanaiigiza hadithi hii wao wenyewe. Waigizaji si wa kulipwa: ni watu wa kazi zao, wa benki, wa shule, wa dukani. Sehemu ya kwanza inachezwa nje, kwenye nyasi za uwanja wa mahakama, jua likizama. Kisha watazamaji wanaingia ndani, na kesi inasikilizwa katika ukumbi wenyewe. Wanachaguliwa wanaume kumi na wawili miongoni mwa watazamaji, wakakae kwenye viti vya wale raia waamuzi. Kwa desturi ni Wazungu watupu, kama mambo yalivyokuwa wakati ule, kwa hiyo kaka yako asivunjike moyo akipitwa. Nimewahi kumtazama mmoja wao, mzee mnene mwenye kofia ya besiboli magotini, hati ya hukumu ikisomwa, na uso wake sitausahau. Alikuja kustarehe na mkewe, sasa yumo katika kundi linalompeleka mtu kufa na hana mstari wa kusema. Tiketi huisha mapema sana. Piga simu makumbusho sasa hivi, leo, ulizia tarehe na kama zimebaki. Zikiwa zimekwisha bado safari inafaa, lakini zikiwapo pangeni kila kitu kuuzunguka usiku huo.

Mwandishi mwenyewe alijitenga na sherehe hizo. Baada ya kitabu kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961 alichoka na waandishi wa habari, akaishi kati ya New York na Monroeville, akitembea dukani kama mtu yeyote, na watu wa mji walizoea kuwapoteza maboya wageni waliokuja kuuliza anakaa wapi. Mwaka 2013 alilishtaki jumba la makumbusho lenyewe kwa kuuza bidhaa zenye jina la kitabu chake bila ridhaa, wakasuluhishana. Alifariki hapohapo Monroeville, 19 Februari 2016, miezi saba baada ya kutoka Go Set a Watchman, ile riwaya ambamo Atticus mzee anahudhuria vikao vya watetezi wa ubaguzi. Amezikwa Hillcrest Cemetery, karibu na kanisa la Methodisti, pamoja na wazazi wake na dada yake Alice aliyekuwa wakili hadi uzeeni na kufa akiwa na miaka 103. Kaburi ni la kawaida mno. Usilitafute kwa ukubwa, litafute kwa jina LEE.

Hapa ndipo waelekezaji wengi wanapofunga kitabu. Mimi nisipokwambia yanayofuata nitakuwa nimekudanganya kwa kunyamaza.

Tarehe 1 Novemba 1986 msichana wa Kizungu wa miaka 18 aliuawa kazini kwake, kwenye dobi, mjini Monroeville. Miezi ikapita bila mshukiwa. Mwaka uliofuata alikamatwa Walter McMillian, mtu mweusi aliyekuwa na biashara ya kukata magogo, asiye na rekodi ya ukatili, ila mji mzima ulikuwa unajua kwamba aliwahi kuwa na uhusiano na mwanamke Mzungu. Saa ya mauaji alikuwa nyumbani, ndugu na watu wa kanisani wakikaanga na kuuza samaki uani kwake; mashahidi walikuwa tele, nao walikuwa weusi. Alipelekwa kwenye gereza la waliohukumiwa kifo hata kabla ya kesi kuanza. Kesi ilihamishiwa wilaya nyingine yenye Wazungu wengi zaidi, ikachukua siku moja na nusu. Raia waamuzi walipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akakataa, akaandika kifo. Wakili kijana Bryan Stevenson akaishika kesi, akaonyesha kwamba shahidi mkuu alishinikizwa kusema uongo na kwamba ushahidi wa kumsaidia mshtakiwa ulifichwa. McMillian alitoka Machi 1993, amekaa miaka sita akisubiri kiti cha umeme.

Hesabu miaka hiyo pamoja nami. Wenyeji walipoanza kuigiza kesi ya Tom Robinson katika ule ukumbi, na watazamaji kulia na kupiga makofi, McMillian alikuwa yupo hai gerezani Holman, wilaya ya jirani upande wa kusini. Na mwaka 1997, miaka minne baada ya kuachiwa kwake, chama cha mawakili cha Alabama kikaweka mnara uwanjani hapo kumuenzi Atticus Finch. Utauona. Ni heshima kubwa kwa wakili ambaye hakuzaliwa. McMillian alifariki 2013. Mnara wake mimi sijauona uwanjani pale. Stevenson aliandika habari hiyo katika Just Mercy, 2014, ikafanywa filamu ya 2019 na Michael B. Jordan na Jamie Foxx. Nayo, kama ile ya kwanza, haikupigwa Monroeville. Walipiga Montgomery na sehemu mbalimbali za Georgia, baadhi si mbali na kwa kaka yako. Mji mmoja mdogo, kesi mbili, filamu mbili maarufu, na zote mbili zikaenda kutafuta sura ya mji kwingine.

Sisemi hivi ili uwachukie watu wa Monroeville. Wanaoigiza ule mchezo, weusi kwa Wazungu, wengi wanaujua uchungu huo vizuri kuliko mimi na wewe. Nasema ili ukiingia ukumbini uwe na kesi mbili kichwani, si moja. Usimhoji mhudumu wa mgahawa kuhusu McMillian, tafadhali. Mji wenyewe una watu karibu 6,000. Unayemuuliza anaweza kuwa binamu wa mtu aliyehusika. Sikiliza, na ukikuta mwenyewe anaanza, basi.

Kwa sababu hiyohiyo nakushauri usiende Monroeville moja kwa moja. Siku ya kwanza tokeni Atlanta alfajiri kwa barabara ya I-85 hadi Montgomery, kilomita kama 260. Saa za Alabama ziko nyuma saa moja ya Atlanta, kwa hiyo mtafika mapema kuliko mtakavyodhani. Mkipita Tuskegee, kama mna dakika, ingieni chuoni. Mbinu zake za elimu ya kazi za mikono ndizo tume ya Phelps-Stokes, tume ya elimu kutoka Marekani, ilizokuja kuzinadi Afrika Mashariki mwaka 1924, na athari yake imo katika shule za wakoloni walizosomea babu zetu. Montgomery yenyewe ina mengi ya kukushika wiki nzima: kanisa la Dexter Avenue alikohudumu Martin Luther King, mahali Rosa Parks alipopandia basi 1955, hata nyumba walikopanga mwandishi F. Scott Fitzgerald na mkewe Zelda. Viache. Nendeni kwenye mnara wa kumbukumbu ya waliouawa na makundi ya watu bila mahakama, uliofunguliwa Aprili 2018 na shirika la huyohuyo Stevenson. Ni safu zaidi ya 800 za chuma, kila wilaya na safu yake, majina yamechongwa. Mwanzoni zinasimama usawa wa macho yako. Unavyotembea, sakafu inashuka nazo zinabaki juu, hadi unajikuta chini yake unainua shingo. Itafute ya Monroe. Wilaya mnayokwenda kulala usiku ina majina pale.

Kisha I-65 kuelekea kusini-magharibi, kama kilomita 160, misitu ya misonobari kushoto na kulia, na sehemu ya mwisho ni barabara ndogo. Jazeni mafuta Montgomery. Hakuna treni wala basi la maana la kuwafikisha, gari ni lazima. Laleni Monroeville, si Montgomery, mpate asubuhi ya mji. Na pangeni siku ya pili iangukie kati ya Jumanne na Jumamosi. Jumapili ni ya kanisa na makumbusho hufungwa. Asubuhi, muda wa saa tatu unatosha kwa mahakama, dukani kwake na michoro ya ukutani, mchana ukuta wa Capote na kaburi, kisha mrudi. Ni mwendo wa saa nne hadi tano hadi Atlanta.

Wasiwasi wa wifi siupuuzi. Nami mara ya kwanza niliendesha huko mikono imekaza usukani. Lakini Monroeville si kijiji cha Wazungu watupu: nusu ya wakazi ni weusi, au zaidi, na mji umezoea wageni wa kila rangi. Cynthia Tucker, mwandishi mweusi wa magazeti aliyepata Pulitzer 2007, ni mzaliwa wa hapo. Mtakayokutana nayo kwa hakika ni maamkizi. Watu wa Kusini wana adabu ya salamu inayokaribia yetu: mtu asiyekujua atakuinulia kidole kimoja juu ya usukani mnapopishana, na mtoto akimjibu mkubwa bila kusema "bibi" au "bwana" huonekana hajalelewa. Msalimieni kila mtu kwanza, kabla ya kuuliza njia au bei. Hapo tayari mmeshajitofautisha na watalii wa New York. Safirini mchana. Kaka achunge mwendo hasa kwenye barabara ndogo zinazopita katika miji midogo, ambako kasi inayoruhusiwa hushuka ghafla na polisi wanajua ni wapi. Akisimamishwa, azime injini, mikono juu ya usukani, asifungue droo ya karatasi kabla ya kuambiwa. Hayo anayajua tayari, anaishi Atlanta.

Chakula hakitakusumbua. Kuna uji mzito wa mahindi wa asubuhi, mweupe, unaoitwa grits. Ukiukaza kidogo jikoni ungeuita ugali wa mgonjwa. Kuna majani ambayo ni sukuma wiki ileile, ila wameichemsha na nyama ya nguruwe hadi imekata tamaa, kwa hiyo kama hamli kitimoto ulizeni kwanza, na kwenye kunde pia. Bamia wanaikaanga na unga. Bamia na kunde zilitoka Afrika na watu waliochukuliwa utumwani, si kwamba tumekutana kwa bahati. Na njiani mkiona kibao cha mkono kinachotangaza karanga za kuchemsha, simameni. Zinauzwa moto, zenye maganda, kwenye mfuko wenye majimaji ya chumvi, kama za stendi ya Msamvu. Wamarekani wa kaskazini wanazishangaa. Wewe utanunua mfuko wa pili.

Aprili hewa ni nzuri, bado halijafika joto lao la Julai ambalo ni la Dar ya Februari bila upepo wa bahari. Ila ni msimu wa vimbunga vya nchi kavu. Acheni tahadhari za dharura ziwe wazi kwenye simu, na simu ikipiga king'ora usiku msiipuuze, ulizeni hoteli mahali pa kujificha ni wapi. Mchezo wa nje huweza kusogezwa kwa mvua. Beba sweta, viti vya uwanjani hupoa jua likishazama.

Mkirudi, mpigieni wifi mkiwa Montgomery. Saa itaruka mbele mkivuka kuingia Georgia, na mtu aliyepika chakula cha saa mbili usiku hataki kusikia kwamba kwenu bado ni saa moja.